Majibu ya baiskeli kwenye mtihani wa kuzungumza wa IELTS: ukariri, ushike mifupa au ujibu papo hapo?

Katika mtihani wa kuzungumza wa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, swali la baiskeli huwaangusha watu kwa wepesi wake. Mtahini anauliza “Do you ride a bicycle?”, mtahiniwa anajibu “Yes, I ride”, kisha ananyamaza akingoja swali linalofuata. Mwingine, kwa swali lilelile, anamwaga hotuba ya dakika nzima kuhusu afya na mazingira aliyoimeza nyumbani. Huenda wote wawili wana Kiingereza cha kutosha kupata alama nzuri. Kinachowapunguzia alama ni jinsi wanavyojenga jibu.

Njia za kulijenga ni tatu, na kila moja ina watetezi wake. Ya kwanza ni kukariri: unaandika au unanakili jibu kamili, unalimeza neno kwa neno, swali likija unalitoa. Ya pili ni kushika mifupa: hukariri sentensi hata moja, ila unajua jibu lako litakuwa na viungo gani na kwa mpangilio upi, kisha nyama unaiweka palepale. Ya tatu ni kujibu papo hapo bila kujiandaa kwa mada yoyote, ukitegemea Kiingereza ulichokwisha kukizoea. Hapa chini zote tatu zinapimwa kwa maswali yaleyale ya baiskeli, sehemu kwa sehemu, maana njia inayofaa sehemu moja inaweza kukuangusha kwenye nyingine.

Kipimo chenyewe

Mtihani mzima wa kuzungumza ni dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini mmoja, na mazungumzo yanarekodiwa. Sehemu ya 1 ni maswali mafupi ya maisha ya kila siku kwa dakika 4 hadi 5. Sehemu ya 2 unapewa kadi ya mada, karatasi na penseli, dakika 1 ya kujiandaa, kisha unazungumza peke yako kwa dakika 1 hadi 2. Sehemu ya 3 ni mjadala wa dakika 4 hadi 5 unaotokana na mada ya kadi, na hapo maswali yanahama kutoka kwako kwenda kwa jamii.

Alama zinatoka kwenye vigezo vinne vyenye uzito sawa: mtiririko na mshikamano wa mazungumzo, msamiati, upana na usahihi wa sarufi, na matamshi. Hakuna kigezo cha tano cha maarifa. Ukijua kwamba Paris ilianzisha Vélib', mpango wake wa baiskeli za umma, mwaka 2007, na London ikaanzisha wake mwaka 2010, ni jambo zuri, lakini halikusaidii kama umelisema kwa “In Paris they start bicycle of public”. Vilevile hakuna atakayekagua kama kweli ulikuwa na baiskeli nyekundu ukiwa mtoto. Kinachopimwa ni lugha. Hata hivyo, jambo la kweli huja na maelezo yake lenyewe, ilhali la kubuni hukulazimu kufikiria vitu viwili kwa wakati mmoja: tukio na Kiingereza chake.

Sehemu ya 1: swali moja, majibu matatu

Tuchukue swali la kawaida: “Did you have a bicycle when you were a child?”

Jibu la kukariri: “Bicycles are an indispensable means of transportation which bring a plethora of benefits to our health and our environment. When I was a child, I was fortunate enough to possess one.”

Jibu la papo hapo: “Yes, I had. It was… it was good. I was riding it with my brother and we go to school. It was red colour.”

Jibu la mifupa: “Yes, I did, although it wasn't really mine. It was my brother's old one, and it was so big that I couldn't reach the pedals from the saddle, so I used to ride standing up.”

La kwanza lina maneno makubwa kuliko yote, na ndilo dhaifu zaidi kimkakati. Swali lilihusu utoto wako. Sentensi ya kwanza inahusu baiskeli za dunia nzima. Mtahini anasikia lugha ya insha ndani ya mazungumzo ya kawaida, na akiuliza tu “What happened to it?” sauti inabadilika: kasi inashuka, sentensi zinavunjika, na “plethora” haionekani tena. Pengo hilo kati ya kilichokaririwa na kinachofuata ndilo linalofichua kila kitu. Watahini wamefundishwa kulitambua, na wanachofanya ni kukuhamishia mahali ambapo hukujiandaa, kwa sababu wanatafuta lugha yako mwenyewe. Kwa hiyo muda ulioutumia kukariri aya ile hauna faida.

La pili lina uaminifu, lakini limepwaya kwenye nyakati. “We go” imeingia katikati ya habari ya zamani, na “I was riding” imetumika pale Kiingereza kinapotaka “I used to ride” au “I rode”. “Red colour” ni “rangi nyekundu” iliyovushwa kama ilivyo. Kiingereza kinasema “it was red” na kuishia hapo.

La tatu lina maneno mepesi tupu. Hesabu kilichomo, lakini: jibu la moja kwa moja lenye kitenzi kisaidizi sahihi, “although”, umilikaji, “so… that”, “couldn't”, “used to”. Miundo sita ndani ya sekunde zisizozidi 20. Mifupa yake ni mitatu: jibu, kitu kimoja mahususi, kisha sababu au matokeo. Hiyo inatosha Sehemu ya 1. Ukiongeza mfupa wa nne unaanza kuhutubia, na mtahini mwenye maswali mengine ya kukuuliza atakukatiza.

Kama huendeshi baiskeli kabisa, usijilazimishe kusema “yes”. Jibu la hapana linatajirika kwa mifupa ileile: “No, I don't, actually. I never learned, and I'd feel nervous in heavy traffic now, so I usually walk or take the bus.” Au ikiwa uliacha: “Not any more. I haven't ridden a bike for years.” Angalia “ridden”. Kitenzi hiki ni ride, rode, ridden, na “I haven't rode” ni kosa linalosikika mara moja kwa sababu ndilo neno kuu la mada yenyewe.

Kwa Sehemu ya 1, basi, mifupa inashinda waziwazi. Kujibu papo hapo kunaweza kuikaribia kwa mtu aliyezoea kuzungumza Kiingereza kila siku, na kukariri kunabaki nyuma kwa kila kigezo isipokuwa, pengine, matamshi ya maneno machache uliyoyafanyia mazoezi.

Sehemu ya 2: vita vya dakika moja

Kadi haitasema lazima “zungumzia baiskeli”. Itasema ueleze ujuzi uliojifunza utotoni, kitu ulichotumia sana, safari uliyoifurahia, au zawadi uliyopewa. Baiskeli moja inaingia kote humo. Hii ndiyo sababu watu hukariri hotuba moja na kuibandika kwenye kila kadi, na ndiyo sababu wengi wao hushindwa: kadi ya ujuzi inauliza nani alikufundisha na ulijisikiaje, kadi ya kitu inauliza ulikipataje na unakitumia kwa nini. Hotuba iliyogandishwa inajibu kadi moja tu. Mifupa inageuka.

Tofauti kubwa iko kwenye karatasi. Anayeandika sentensi kamili katika ile dakika moja atapata sentensi mbili, tatu akiwa mwepesi. Akishazisoma amebaki na dakika moja na nusu ya kujaza bila chochote. Anayeandika maneno ya kushikilia anaweza kupata hivi, kwa kadi ya ujuzi wa utotoni:

7 yrs – cousin – bike too big
grass, slope – fell 3 times
held saddle → let go
no brakes → used shoes
today: still remember

Mistari mitano, kila mmoja sekunde 20 hadi 25, na dakika mbili zimetimia bila kukimbizana. Pembeni mwa karatasi andika kitu cha muhimu kuliko mawazo: vitenzi vya wakati uliopita vitakavyohitajika. Taught, rode, fell, held, let, got up. Ukiwa umesisimka na hadithi, “teached” na “falled” hutoka zenyewe. Ukiwa umeziandika, jicho linakuokoa.

Sasa mstari wa tatu ukivikwa nyama: “He was holding the saddle from behind and running along with me, and I thought he was still there. Then I looked back and saw that he'd let go, and the moment I realised, I fell off.” Ndani ya sentensi mbili kuna wakati uliopita unaoendelea, uliopita timilifu na uliopita wa kawaida, kila mmoja mahali pake. Hakuna aliyepanga kuonyesha sarufi. Tukio lenyewe limezidai nyakati hizo. Hii ndiyo nguvu ya kuchagua tukio dogo badala ya faida za jumla. “Cycling is good for health, cycling is good for environment” haidai wakati wowote zaidi ya uliopo, na ukikaa hapo dakika mbili sarufi yako itaonekana nyembamba hata kama si nyembamba.

Kujibu papo hapo katika sehemu hii ni hatari kuliko zote. Watu wenye ufasaha mzuri wa mazungumzo hukauka kwenye sekunde ya 50, kwa kuwa katika mazungumzo ya kawaida kuna mtu wa kukusukuma, na hapa mtahini ananyamaza kwa makusudi. Ukikauka, rudi kwenye mstari uliouruka, au fanya ulinganisho wa zamani na sasa: “Looking back, I think…”. Mtahini akikusimamisha kwenye dakika ya pili usihuzunike. Kukatizwa kwa sababu ya muda hakupunguzi alama.

Sehemu ya 3: hapa mifupa hubadilika

“Why do you think some people don't want to cycle to work?” Hapa aliyekariri ana misemo ya kufungulia tu: “Every coin has two sides”, “It is a double-edged sword”. Ikishasemwa, hakuna kilichosemwa. Na sehemu hii mtahini ana uhuru wa kukusukuma: “But isn't that also true of buses?” Hakuna jibu la kumeza linalohimili swali la namna hiyo.

Linganisha na hili: “It depends on the distance, I suppose. If you live ten minutes away, cycling makes sense, but if it takes an hour, you'll arrive tired and sweaty, and a lot of offices don't have anywhere to wash. So I don't think it's laziness.” Mifupa yake ni msimamo wenye masharti, hali ya kwanza, hali ya pili, hitimisho dogo. Ile “it depends” si ya kukwepa, maana inafuatwa papo hapo na vitu viwili ambavyo jibu linavitegemea. Isipofuatwa na kitu, ni kukwepa.

Lakini Sehemu ya 3 ndipo kujibu papo hapo kunapoanza kulipa. Aliyezoea kubishana kwa Kiingereza atamzidi aliyezoea mifupa peke yake, kwa sababu maswali yanageuka. Ushauri ni kuingia na mfupa mmoja tu, yaani msimamo na sababu yake, kisha kufuata swali linakoelekea. Maswali ya wakati ujao, kwa mfano kama baiskeli zitaongezeka mijini, yanataka lugha ya kukisia: “might well”, “are likely to”, “I'd imagine that”. Mwenye kutumia “will” peke yake katika kila sentensi hajakosea, ila ameacha nafasi ya bure ya kuonyesha upana.

Kinachostahili kukaririwa

Baada ya kukariri kupigwa namna hii, haki itendeke: kuna kitu kinachofaa kukaririwa, nacho ni vipande vya maneno vinavyokwenda pamoja. Jibu zima likimezwa linakufunga. Kipande cha maneno mawili matatu kinakaa ndani ya jibu lolote. Kwa mada ya baiskeli, vipande 25 vinatosha kabisa. Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili ana kazi yake maalumu, kwa sababu vitenzi vyetu vya baiskeli vinapovushwa kama vilivyo huzaa Kiingereza cha ajabu.

Kuendesha ni kumoja kwetu, gari au baiskeli. Kiingereza kinatenga: gari ni drive, baiskeli ni ride. “I drive a bicycle” ndiyo ajali ya kwanza. Kujifunza baiskeli ni “learn to ride a bike”. “I learned bicycle” inaeleweka kama umesoma somo liitwalo baiskeli. Kupanda, kwa maana ya kuikalia, ni “get on”, na kushuka ni “get off”. “Climb” iache kwa miti na milima. Kwenda kwa baiskeli ni “by bike” bila kitu katikati, au “on my bike”. “By my bike” ni mchanganyiko wa hizo mbili.

Mambo ya ufundi yana hazina kubwa zaidi, na wengi huyapita. Kujaza upepo ni “pump up the tyres”, wala si “fill wind”. Kupata pancha ni “get a puncture” au “get a flat tyre”. Cheni ikitoka ni “the chain came off”. “The chain removed” inafanya cheni iwe imeondoa kitu kingine. Breki zikikataa, kwa Kiingereza hazikatai: “the brakes didn't work” au, ikiwa ni ghafla mwendoni, “the brakes failed”. Kugongwa na gari ukiwa juu ya baiskeli ni “I was knocked off my bike by a car”. Kumbeba mtu kwenye keria ni “give someone a lift on the back of my bike”. Foleni ni “heavy traffic”, na “traffic” haina wingi. “I was stuck in traffic” inatosha, “there was a lot of jam” inaleta picha ya kitu cha kupaka kwenye mkate. “Equipment” nayo haina wingi, hivyo kofia ngumu, taa na kufuli vyote pamoja ni “equipment”, kamwe si “equipments”.

“It makes me to be fit” inatokana na “inanifanya niwe”. Baada ya “make” na mtu, kitenzi hakichukui “to”: “it makes me feel better”. Kwa afya, tumia “it keeps me fit”.

Vipande hivi vinaleta alama kwa sababu msamiati haupimwi kwa urefu wa maneno. Vigezo vya bendi 7 (bendi ni ngazi ya alama, na ya juu kabisa ni 9) vinataka maneno yasiyo ya kawaida sana yanayokaa na wenzake ipasavyo, na uwezo wa kuzunguka neno usilolijua. “The chain came off halfway up the hill” ina maneno ya mtoto wa shule ya msingi, na bado ni Kiingereza cha mtu anayeijua lugha. Ukisahau neno “stabilisers”, yale magurudumu mawili madogo ya mtoto anayejifunza, sema “those two little wheels they put on the back for beginners”. Kulizunguka neno namna hiyo kunahesabiwa kuwa uwezo.

Nyakati: pale Kiswahili kinaposaidia na pale kinapotega

Watu huambiwa lugha ya kwanza ni kikwazo. Kwa nyakati, Kiswahili kinakupa nusu ya njia. “Hu-” ya mazoea, kama “huendesha kila Jumamosi”, ni wakati uliopo wa kawaida: “I ride every Saturday”. Hapa wengi husema “I use to ride” wakimaanisha sasa, na mtahini anasikia “I used to ride”, yaani umeacha. “Nilikuwa naendesha” ya mazoea ya zamani ndiyo “I used to ride”. “-nge-” inakwenda na “would”: “ningekuwa na baiskeli, ningeitumia kwenda kazini” ni “if I had a bike, I'd use it to get to work”. Usiweke “would” upande wa “if” kwa sababu Kiswahili kimerudia “-nge-” pande zote mbili; Kiingereza kinaitaka upande mmoja tu.

Mtego ni “-me-”. Kwa vitenzi vya hali, “-me-” ya Kiswahili huonyesha hali iliyopo. “Amevaa kofia” ni “he's wearing a helmet”, si “he has worn a helmet”. “Amekaa kwenye keria” ni “she's sitting on the back”. “Alikuwa ameshika kiti” ni “he was holding the saddle”. Lakini “alikuwa ameachia”, kitendo kilichokwisha, ni “he had let go”. Jiulize: hali bado ipo au kitendo kimepita? Jaribio hilo moja linarekebisha sehemu kubwa ya makosa ya nyakati katika hadithi za Sehemu ya 2. Na ukiwa kwenye hadithi hiyohiyo, chunga “he” na “she”. Kiswahili hakitofautishi, na dada yako huwa “he” kwenye sentensi ya tatu. Ukiona hilo linakusumbua, chagua hadithi yenye mtu mmoja tu.

Matamshi, kwa kuwa ni robo ya alama

“Bicycle” na “cycle” hazitamkwi kwa mtindo mmoja. “Cycle” ni SAI-kl. “Bicycle” ni BAI-si-kl: silabi ya kati ni “si” fupi, si “sai”. Mkazo uko mwanzoni. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi hutaka kusema bai-SI-kol, na neno kuu la mada linakosewa mara kumi ndani ya dakika tatu. Lisahihishe hilo kabla ya kitu kingine chochote. “Commute” na “pedestrian”, kwa upande wao, zina mkazo kwenye silabi ya pili.

Vokali za ziada ndizo zinazofuata. “Bike” inaishia kwenye k. Ikiishia na i umeirudisha Kiswahili. Vilevile “helmet”, “brakes”, “road”. Miisho ya “-ed” haitamkwi kama ilivyoandikwa: “crashed” ni silabi moja, inaishia na sauti ya t, “cycled” inaishia na d tu. Ni “wanted” na “needed”, zenye t au d kabla ya mwisho, ndizo zinazopata silabi ya ziada.

Kuna zawadi moja. Wanafunzi wengi wa Kiingereza huteseka na sauti ya mwisho ya “path” na ya kati ya “weather”. Kiswahili kinazo zote mbili: “th” ya thelathini na “dh” ya dhahabu. Tatizo letu ni kuzitumia mwishoni mwa neno, ambako Kiswahili hakiziweki, hivyo “cycle path” hugeuka “pas” au “paf”. Sema “thelathini” taratibu, simama kwenye “th” ya pili, na umeipata.

Kilicho kigumu kweli ni “wheel” na “will”, “heel” na “hill”. Kiswahili kina “i” moja, Kiingereza kina mbili. Ya “wheel” ni ndefu na midomo imetanuka. Ya “hill” ni fupi na mdomo umelegea. Na ikiwa lugha yako ya nyumbani huchanganya r na l, fanya mazoezi ya “road” na “load” mpaka sikio lako lenyewe lizitofautishe kwenye rekodi.

Uchague ipi

Ukiwa na wiki moja, acha kukariri majibu leo. Chukua vipande 25, maswali 12 ya Sehemu ya 1, na simu ya kurekodia. Maswali 12 kwa sekunde 20 ni dakika 4 tu kwa kila mzunguko. Fanya mizunguko miwili kwa siku. Sikiliza kila rekodi mara tatu, kila mara kwa kitu kimoja: kwanza kama umejibu swali lililoulizwa, pili vitenzi, tatu miisho ya maneno. Ukisikiliza vyote kwa pamoja husikii chochote.

Ukiwa na miezi miwili au zaidi na uko karibu na bendi 6 ukitaka 7, mifupa peke yake haitoshi. Bendi 7 inadai sentensi zisizo na kosa zije mara kwa mara na uzungumze kwa urefu bila kuonekana unahangaika, na hilo hujengwa na saa nyingi za kuzungumza papo hapo. Tumia mifupa siku tatu za wiki kwa Sehemu ya 1 na ya 2, na siku nyingine tafuta mtu wa kukubishia kwenye maswali ya Sehemu ya 3, mtu atakayesema “why?” kila unapodhani umemaliza.

Ukiwa chini ya bendi 5, ambapo sentensi yenyewe bado ni ngumu kuundika, kukariri vipande kuna uzito mkubwa zaidi kuliko kwa wengine, na hakuna aibu kuwa na sentensi mbili tatu za kukuokoa unapokwama: “Let me think about that”, “Sorry, could you say that again?” Kuomba swali lirudiwe mara moja moja si kosa. Ila zihesabu. “Let me think about that” kabla ya “Do you own a bike?” inamwambia mtahini kwamba unavuta muda, kwa kuwa hakuna anayehitaji kufikiri kama ana baiskeli.